Bendera ya Moja na Robo

Chai ilijaa kisahanini, ikavuka ukingo, ikadondoka kwenye mkeka. Nandkishor Pareek aliuficha mkono wake wa kulia chini ya shuka, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine aliyeingia nyumbani bila hodi.

"Kikombe kina ufa," alisema.

Mkewe, Kesar, alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua dengu. Hakuinua macho. "Cha jana nacho kilikuwa na ufa. Na cha juzi. Baba Vinita, siku hizi vikombe tunanunua kwa fundi gani?"

"Mama Vinita, chambua dengu zako."

"Nachambua. Nimeiona na ile chati ya nyota uliyomchorea mtoto wa Manohar. Nyumba zote zimelala upande kama mtaa uliopigwa na tetemeko la ardhi. Mtoto wa watu atakua akitembea kombo."

Siku nyingine angecheka. Kuchora chati za watoto wachanga na kuuza kalenda za nyota ndiyo kazi iliyomlea katika duka lake dogo la Tripolia Bazaar, na mistari yake ilisifiwa mtaa mzima wa Purani Basti. Lakini tangu majira ya baridi mkono ule ulikuwa umeanza kucheza wenyewe. Kwanza kidole gumba, kisha kiganja, na sasa ulikuwa ukitikisika hadi kwenye kiwiko kila alipounyoosha. Hakuwa amemwambia mtu. Alidhani hajamwambia mtu.

"Kesho ni mwezi mpevu wa Ashadh," Kesar alisema, na sasa aliinua macho.

"Najua kesho ni nini."

"Mpe Satto bendera."

Nandkishor aliinuka, akavaa viatu vyake, akatoka bila kumaliza chai.

Kila mwaka, siku ya mwezi mpevu wa Ashadh, mwezi wa kalenda yao unaofungua msimu wa mvua, jua linapozama, wanajimu wa Jaipur hupanda juu ya saa kubwa ya jua aliyoijenga mfalme, wakainua bendera, wakausoma upepo. Kwa upepo huo hutangaza mvua za mwaka zitakuwaje. Wakulima huja kutoka Chomu na Bagru kusikiliza, na waandishi wa magazeti huja na kamera zao. Na anayeishika bendera hiyo ni mtu wa nyumba ya akina Pareek. Babu yake Nandkishor aliishika, baba yake aliishika, na yeye aliipokea siku nywele zake zingali nyeusi. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Binti yake Vinita ameolewa Kota. Kwa hiyo siku atakapoiachia, bendera itakwenda kwa Satyanarayan, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye wote walimwita Satto, na ambaye alikuwa akiisubiri tangu masharubu yake yalipoanza kuota.

Mjini Jaipur bendera si kitambaa tu. Juu ya kasri ya mfalme hupepea mbili, moja kubwa na juu yake moja ndogo, ya robo. Mfalme aliyeujenga mji huu, Jai Singh, aliitwa Sawai, maana yake moja na robo. Watu husimulia kwamba akiwa bado mtoto alimjibu mfalme mkuu wa Delhi maneno ambayo mtu mzima asingeyapata, na yule mkuu akasema huyu si mtu mmoja, huyu ni mmoja na robo. Baba yake Nandkishor alikuwa na mchezo wake kuhusu hilo. Kila mtoto alipotoka shuleni alimuuliza mlangoni, "Leo umetuletea moja tu, au na robo yake?" Nandkishor alikuwa amezeeka, baba alikuwa amekufa, na swali lile bado lilimsubiri kwenye kila mlango.

Alitembea hadi jioni kuituliza hasira yake, na barabara zilimsaidia kama kawaida. Miji mingine huota kama nywele za kichaa. Huu ulichanwa kabla haujaota. Mfalme aliuchora kwanza kwenye karatasi, mraba kwa mraba, barabara zimenyooka na kukutana kwa pembe kamili. Watengeneza bangili walipewa njia yao, wafua vyombo yao, wachonga mawe yao, na mpaka leo ukitaka kujua uko wapi unaweza kufumba macho na kusikiliza nyundo. Maduka yote yana uso mmoja, rangi moja ya waridi lililokauka. Wageni huja kuipiga picha rangi hiyo. Nandkishor aliwahurumia kidogo, maana waliupenda mji kwa shavu lake, na hawakujua kwamba ulikuwa na akili.

Akili yenyewe ilikuwa pale nyuma ya kasri, Jantar Mantar, uwanja wa vipimo vya nyota. Alipita hapo kila asubuhi ya maisha yake ili kurekebisha saa yake ya mkononi. Katikati ya uwanja umesimama ukuta mkubwa wa pembetatu, na mgongo wake una ngazi inayopanda kuelekea nyota ya kaskazini kana kwamba kuna nyumba huko. Kivuli cha ukuta huo huangukia tao la mawe yaliyochongwa mistari, na kwa sababu ni kikubwa, unakiona kikitembea. Unaweza kukaa ukautazama muda ukipita kama unavyomtazama konokono.

Saa ya Nandkishor ilifuata kivuli hicho, wala haikufuata redio. Serikali ina saa moja kwa nchi nzima, lakini jua huchelewa kufika Jaipur, kwa hiyo saa yake ilikuwa nyuma ya saa za watu wote kwa karibu nusu saa. Hakuona kwamba yuko nyuma. Aliona kwamba nchi nzima inakimbia. Treni ya Kota iliwahi kumwacha siku ya posa ya Vinita mwenyewe, na mpaka leo shemeji zake wakialikwa jambo huulizana, "Saa ya watu au saa ya Nandkishor?"

Kesar ndiye aliyeziba pengo hilo. Kila kulipokuwa na shughuli alimwitia kutoka jikoni, "Ongeza nusu saa, Baba Vinita," naye akaongeza.

Siku ya mwezi mpevu hakumwitia. Walikuwa hawajasemeshana tangu jana. Alioga, akavaa nguo nyeupe, akafunga kilemba chake cha rangi ya zafarani. Kukifunga kulimchukua muda, mkono mmoja ukimsaidia mwenzake aliyeshindwa, na Kesar alimsikia akigombana na kitambaa chumbani lakini hakuingia. Kisha akatoka, saa yake ikimwambia kwamba anawahi.

Alipofika uwanjani kusanyiko lilikuwa limekwisha kupangwa. Makombe ya bahari yalikuwa yakipulizwa kama baragumu. Wanajimu walikuwa wamejipanga chini ya ngazi, na mbele yao amesimama Satto, tumbo mbele, masharubu yamepakwa mafuta, ameishika bendera kwa mikono miwili kama bwana harusi aliyekabidhiwa upanga.

"Ram Ram sa, kaka," Satto alisema. "Tulidhani umeamua kuitazama kwenye televisheni."

"Nimewahi."

"Umewahi kesho. Kwa leo umechelewa."

Watu wakacheka. Acharya Vishnudatt, mkubwa wa wanajimu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipiga fimbo yake chini. "Nandkishor, tumekusubiri mpaka jua limetukasirikia. Unashika au hushiki?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu magoti yanauma, na hakuna ambaye angemcheka. Alimtazama Satto, akaziona zile nyusi zilizokwisha kuinuka kwa ushindi.

"Nashika," akasema, na kunyoosha mkono wa kushoto.

Satto aliitoa bendera polepole kama anayeng'olewa jino. "Mkono wa kushoto, kaka?"

"Wa kulia naubakiza kwa ajili ya kule juu."

"Haya. Mimi nitakuja nyuma yako, ukianguka uangukie kitu laini."

Walipanda. Ngazi ile haina huruma, kuta zake zimekubana kushoto na kulia, na mbele yako huoni kitu ila mbingu. Nandkishor alipanda kama alivyopanda kila mwaka, bila kugusa ukuta, na kila alipovuta pumzi alijisikia fahari ileile ya zamani, ya mtu anayekanyaga mahali ambapo mfalme alikanyaga akitafuta jambo moja tu: ukweli wa nyota. Juu kabisa kuna kibanda cha mawe chenye nguzo nyembamba na kuba. Wanajimu wakajibana humo. Acharya akawasha ubani, akasoma maneno yake. Chini, uwanja ulikuwa umejaa vilemba vyekundu na vya njano, na simu nyingi zimeinuliwa. Ng'ambo, juu ya kasri, bendera kubwa na ile ndogo ya robo zilikuwa zimelala kwenye mlingoti. Joto lilikuwa limekaa juu ya mji kama kifuniko juu ya sufuria.

"Inua," Acharya alisema.

Nandkishor aliuingiza mti wa bendera kwenye kiganja cha kulia, akaunyoosha mkono nje ya kibanda.

Bendera ikacheza.

Ilicheza vizuri, tena kwa uzuri wa kupendeza, ncha yake ikipiga kuelekea magharibi, kidogo kidogo, kama samaki anayeogelea. Chini watu wakaguna kwa furaha. "Upepo wa mashariki!" mtu akapaza sauti, na neno hilo likapokewa na kutupwa kutoka mdomo hadi mdomo, kwa sababu upepo wa mashariki jioni ile maana yake ni visima kujaa. Kamera zikainuka. Acharya akarekebisha miwani yake, akaanza kusema kwa sauti ya kutangaza, "Mvua njema, kwa wakati wake, na mavuno..."

Nandkishor aliutazama ubani. Moshi wake ulikuwa umepanda wima kama uzi wa mshonaji.

Aliona yote kwa mara moja. Hakuna ambaye angejua. Angeshuka na heshima yake, wakulima wangerudi nyumbani wakiimba, na kesho picha yake ingekuwa gazetini. Kisha akakumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe huwasimulia wateja wake dukani mpaka wanapiga miayo. Mfalme alianza na vipimo vya shaba. Vilikuwa vidogo, vizuri, vya kubebeka. Lakini misumari yake ililika, ikalegea, na chombo kikacheza. Leo nyota iko hapa, kesho nyota ileile iko pale, na kosa si la nyota. Mfalme aliyekuwa na dhahabu ya kutosha kutengeneza chombo chochote akaacha shaba, akajenga kwa jiwe na chokaa, akajenga kikubwa kama mlima, ili kitu kisicheze. Na sasa, juu ya jiwe hilo hilo, Nandkishor Pareek alikuwa amesimama akiwa kipande cha shaba kilicholegea.

"Acharya-ji," alisema. "Subiri."

"Nini tena?"

"Huo si upepo."

"Bendera si hiyo inapepea?"

"Inapepea kwa mkono wangu. Tazama moshi."

Wanajimu wote wakageuka kuutazama ubani. Mmoja aliyekuwa amekwisha kuandika sentensi mbili aliishusha kalamu. Nandkishor aliona uso ukimwaka, akausubiri mcheko wa Satto, maana ni huu aliokuwa akiuogopa tangu majira ya baridi.

Satto hakucheka. Alimsogelea mpaka masharubu yakamgusa sikio. "Kaka, nyamaza," alinong'ona. "Wamekwisha kufurahi. Nitakushika kiwiko kwa nyuma, hapa, watu wa chini hawaoni. Simama tu."

"Ulijua?"

"Mtaa mzima unajua. Unadhani kwa nini mwenye duka la chai siku hizi anakumiminia nusu kikombe?"

Nandkishor aligeuka kumtazama. Miaka yote hiyo alikuwa amemwona mtu huyu kama mwewe juu ya paa lake. "Na bendera huitaki?"

"Naitaka sana. Lakini siitaki kwa njia hii."

"Basi ichukue wewe," Acharya alisema kwa haraka, "maana jua halitatusubiri tukilia hapa. Satyanarayan, shika."

Satto akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono mnene, imara. Nandkishor aliutazama, akautazama wake, na papo hapo akaijua robo aliyokuwa akiulizwa mlangoni kila siku.

"Hapana," alisema. "Huo nao una damu ndani yake. Leo umetulia, kesho utakuwa kama wangu. Mfalme angalitaka mkono wa mtu hapa asingalihangaika kubeba mawe yote haya."

"Sasa nani ashike?"

Nandkishor alivua kilemba chake. Kichwa chake cheupe kikabaki wazi mbele ya watu wote wa Jaipur, jambo ambalo mtu wa rika lake hulifanya msibani tu. Akausimamisha mti wa bendera ubavuni mwa nguzo ya kibanda, akaanza kuuzungushia kitambaa kile kirefu.

"Haijawahi kufanyika hivyo," Acharya alisema.

"Imefanyika tangu siku hili jiwe liliposimamishwa. Sisi ndio tulikuwa hatujaelewa."

Kitambaa kilizunguka, lakini fundo lilimshinda. Vidole vilikimbizana, vikapotezana. Alijaribu tena. Hakutaka kusema, kisha akasema. "Satto. Fundo."

"Fundo gani?"

"Lile la tiara."

Satto akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Siku za Sankranti, sikukuu ya kurusha tiara, mji mzima ukiwa juu ya mapaa, Nandkishor ndiye aliyekuwa akirusha tiara na Satto, mdogo wake, ndiye aliyekuwa akimfungia nyuzi, na hakuna tiara iliyofungwa na Satto iliyowahi kufunguka. Alilifunga sasa lile fundo, akalivuta kwa meno, akarudi nyuma.

"Ondoa mkono, kaka."

Nandkishor akauondoa.

Bendera ikaanguka, ikalala kwenye mti wake. Chini, furaha ikakatika. Mtu akauliza kwa sauti kama wazee wamelala huko juu, na mwingine akamjibu kwamba wazee hawalali, wanazimia.

"Niwaambie nini?" Acharya aliuliza.

"Waambie tunasubiri."

Wakasubiri. Jua lilishuka mpaka likagusa ukingo wa ngome mlimani. Kivuli kilikuwa kimelegea kwenye tao la mawe na kufutika. Nandkishor hakuitazama bendera; aliyatazama mawe, chokaa iliyokuwa laini kama ganda la yai, mistari iliyochongwa na watu ambao majina yao hakuna anayeyajua na ambayo haijasogea. Alijisikia mwepesi. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka waziwazi ubavuni na hakuuficha.

Kisha ncha ya bendera ikainuka. Ikaanguka. Ikainuka tena, ikakaa, ikageukia kaskazini mashariki kidogo, na moshi wa ubani nao ukapinda upande huohuo. Acharya aliyaona yote mawili. Alinong'onezana na wenzake, na aliposema sauti yake haikuwa ya kupendeza watu. Mvua itachelewa. Itakuwa ya wastani. Itapungua katikati, lakini haitakosekana. Na neno la kwanza alilotangaza, akasema, walifute.

Palikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja wa Bagru, kilemba chekundu na meno machache, akasema kwa sauti iliyofika mpaka juu, "Wastani nitaulima. Ule uongo mzuri ndio ungenimalizia mbegu." Manung'uniko yakapungua.

Walipokuwa wakishuka Satto alitangulia, mikono nyuma, tayari kumdaka. "Kaka," alisema bila kugeuka, "pale juu, mimi na wewe, nani alikuwa mmoja na nani alikuwa robo?"

"Tumbo lako peke yake ni moja na robo. Shuka."

Chini ya ngazi, kando ya wanawake, alisimama Kesar, ushungi wake umelowa jasho, anahema. Alikuwa ametoka mbio mara tu alipokumbuka.

"Nilikuja kukwambia uongeze nusu saa," alisema.

"Umechelewa, Mama Vinita."

"Nimeona." Alimtazama kichwa kitupu, kisha akaitazama bendera iliyokuwa bado imesimama kule juu, peke yake, imetulia kwenye nguzo yake huku upepo mdogo ukiicheza ncha. "Nani ameishika?"

"Mfalme."

Kesar alimsogelea. Aliushika mkono wake wa kulia, ule ule, mbele ya watu, jambo ambalo wanawake wa Purani Basti hawalifanyi, na ukatetemeka ndani ya kiganja chake kama kitu kilichopata mahali pake.

Walitoka kwa lango la Tripolia. Taa za maduka zilikuwa zikiwaka mstari mmoja mrefu ulionyooka, kama ulivyochorwa. Watu waliona kichwa chake wazi, wengine wakaanza kuuliza amefiwa na nani, lakini habari ilikuwa imekwisha kuwatangulia barabarani, na wenye maduka walisimama mmoja baada ya mwingine kumsalimu. Yeye alitembea katikati ya barabara pana, kifua mbele, akitazama saa yake iliyokuwa nyuma ya nchi nzima, wala hakuisogeza mbele.